Wiki Mbili za Kujifunza Kusimama

Kamati ya akina mama wa kanisa ilifika Jumatano mchana, wanawake watano, na kilo mbili za sukari, mchele kwenye mfuko wa kaki na mche wa sabuni. Walimkuta Ambokile amekaa barazani kwenye kiti chake cha mbao, blanketi magotini, mkono wa kulia umelala juu ya blanketi kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishikilie. Wakamwinamia mmoja mmoja, wakamsalimia kwa sauti ya juu kana kwamba kiharusi kilikuwa kimemziba masikio. Kisha wote wakamgeukia mkewe.

"Anakula?" aliuliza mwenyekiti wao, mama Ambindwile.

"Anakula," Winfrida akajibu.

"Na haja anapata vizuri?"

Winfrida akamtazama mumewe. Ambokile alikuwa ameyapeleka macho yake kwenye migomba ng'ambo ya mfereji, ambako ukungu wa kijiji chao cha Kawetele ulikuwa bado haujanyanyuka ingawa saa saba ilishapita.

"Muulize mwenyewe, mama. Si huyu hapa?"

Wakacheka kidogo wakidhani ni utani wa kuwachangamsha. Wakaomba. Yalikuwa maombi marefu, na ndani yake Ambokile alikabidhiwa mikononi mwa Bwana mara nne, hata mtu ambaye angekuwa anasikiliza kutoka jikoni angedhani kuna msiba. Walipokwisha kuondoka, Ambokile akasema kwa ulimi uliokuwa mzito tangu Februari:

"Nipeleke uani."

Winfrida akasimama mbele yake, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akahesabu moja, mbili, tatu, akavuta. Ambokile alikuwa mtu mkubwa. Ugonjwa ulimpunguza mashavu tu, haukumpunguza mifupa. Alipofika juu, kitu kikamng'ata Winfrida kiunoni upande wa kushoto, palepale kilipomng'ata jana na juzi. Akaikaza kanga yake. Wakaanza safari ya chooni, hatua ishirini na nane, mume amemlalia mke kama gunia lililofunguka. Njiani jirani mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi alisimama kuwapisha, akainamisha macho kwa adabu. Adabu ile ilimuuma Ambokile kuliko maombi yote ya mchana ule.

Waliporudi, simu ilikuwa inaita juu ya meza. Alikuwa Julius, mtoto wao wa pekee, kutoka Dar es Salaam.

"Mama, nakuja tarehe kumi na nne. Nimeazima gari la rafiki yangu, kubwa, baba atalala kiti cha nyuma. Chumba kipo tayari, cha chini, hakina ngazi. Nyumba hiyo tutampangisha nesi mmoja wa hapo Tukuyu, nimeshaongea naye."

"Umeshaongea naye," Winfrida akarudia.

"Na baba mkubwa naye ameafiki. Mama, hamuwezi kuendelea hivyo."

Alipokata simu, Ambokile alikuwa anamsubiri kwa macho.

"Anakuja kutuchukua," Winfrida akasema. "Wiki mbili na siku tatu."

"Mimi sitoki."

"Utabakije, Baba Julius, na huwezi hata kusimama?"

Maneno yalishatoka. Alitamani ayarudishe, lakini hakuna alipoweza kuyashika. Ambokile akavuta blanketi kwa mkono wake mmoja mzima, akajifunika mpaka kifuani, ingawa hakukuwa na baridi kuliko siku nyingine.

*

Ijumaa walikwenda hospitali kwa bajaji. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa binti mmoja kutoka Moshi aliyeitwa Sia, mwaka wake wa pili tangu apangiwe Rungwe, mtu wa maneno machache na mikono yenye joto. Benchi la nje lilikuwa limejaa wagonjwa. Alimpima Ambokile goti, kifundo na nyonga, kisha akamgeukia Winfrida.

"Nyumbani nani anamwinua?"

"Mimi."

"Mwinue nione."

Winfrida akafanya kama afanyavyo siku zote. Makwapa, moja, mbili, tatu. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Sia alikuwa hamtazami Ambokile. Alikuwa anamtazama yeye.

"Mama, hapo aliyesimama ni wewe. Yeye umemvuta. Uzito wake wote umebaki nyuma kwenye kiti, na wewe ndiye unaupandisha kwa kiuno. Huo mguu wa kulia una nguvu za kutosha. Ila haujaombwa kufanya kazi tangu Februari." Akamwashiria Winfrida akae. "Kiuno kinakuuma tangu lini?"

"Hakiniumi."

Sia hakubishana naye. Akawaonyesha mambo matatu kwa haraka, kwa sababu ya lile benchi la nje: kusogea ukingoni mwa kiti, kurudisha nyayo nyuma mpaka zipite chini ya magoti, kuinama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Hapo tu ndipo mtu asukume chini kwa miguu. Ambokile alijaribu mara mbili, na mara zote mbili alipofika katikati ya kuinama alishtuka, akajirusha nyuma kitini.

Ndani ya bajaji Winfrida alitazama nje. Alikuwa na haya. Kwa miaka thelathini na tano alikuwa mwalimu wa sayansi na michezo, na jambo ambalo binti yule alimweleza kwa dakika tano yeye alilifundisha kwa vizazi vya watoto waliokwisha kuwa na wajukuu. Nyenzo, egemeo, mzigo, jitihada. Aliwachorea ubaoni mtu anayenyanyua ndoo akiwa ameiweka mbali na mwili, na mtu anayeinyanyua akiwa ameikumbatia, akawauliza ni nani atakayeumwa mgongo. Darasa zima likajibu kwa pamoja. Kumbe kujua na kukumbuka ni vitu viwili, hasa pale mzigo wenyewe unapokuwa ni mtu anayekutazama.

Akamkumbuka mkufunzi wao wa chuoni Songea, mzee mwembamba aliyefunga jiwe kwenye uzi na kuwapanga wanachuo mmoja mmoja karibu na ule uzi. Kila mtu, aliwaambia, ana mahali ambapo uzito wake wote hukutana, chini kidogo ya kitovu. Jiwe hili likining'inia kutoka hapo, likiangukia katikati ya nyayo zako, umesimama. Likiangukia nje, hata uwe na nguvu za ng'ombe, utakwenda chini. Wasichana walicheka kwa sababu ya neno kitovu. Winfrida alikuwa na miaka ishirini na moja, kiuno chembamba, na hakuwahi kufikiria kwamba kusimama ni jambo la kujifunza.

*

Rajabu seremala alikuja Jumamosi na msumeno wake na vipande vinne vya mti. Babu yake alipanda huku kutoka Kilwa akiuza vitambaa, akaoa, akabaki; Rajabu mwenyewe alizaliwa Tukuyu na aliongea Kinyakyusa kuliko Wanyakyusa wengi wa rika la watoto wake. Alikuwa rafiki wa Ambokile tangu wote wawili wakiwa vijana.

"Shemeji ameniambia kiti kiongezwe miguu," akasema, akikigeuza kiti juu chini. "Nikamuuliza, Ambokile amerefuka?"

"Kiti kikiwa kifupi, magoti yanapanda juu kuliko nyonga," Winfrida akaeleza. "Anaanza kazi akiwa shimoni. Tukikiinua inchi nne, nusu ya kazi tumeshaimaliza kabla hajaanza."

Rajabu akamtazama Ambokile. "Umesikia? Bado anafundisha."

"Hajaacha," Ambokile akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mtu wa nje baada ya siku nyingi.

Rajabu akacheka huku akikata. Na kwa sababu mikono yake ilikuwa inafanya kazi iliyoizoea, mdomo wake ukaenda wenyewe mpaka mwaka themanini na saba, mazoezi ya mashindano ya wilaya, uwanja wa shule, jioni yenye manyunyu kama hii.

Ambokile wakati ule alikuwa karani wa mizani kwenye ushirika wa chai, kijana wa mabega mapana, na alirusha mkuki wa mwanzi wenye ncha ya chuma kuliko mtu yeyote wa upande huu. Rajabu ndiye aliyeshika utepe wa kupimia. Winfrida alikuwa mwalimu mgeni kutoka Mbinga, na aliletwa kusaidia timu kwa sababu cheti chake kilikuwa na neno michezo. Alitazama mirusho mitatu, kisha akasema mbele ya vijana wote:

"Unatupa kwa mkono."

"Sasa mwalimu, watu hutupa kwa nini? Kwa miguu?"

Uwanja mzima ulicheka. Winfrida hakucheka. "Ndiyo," akasema. "Kwa miguu." Akachukua mpini wa jembe, akachora mstari kwenye udongo. Mguu wa kushoto ukanyage hapa, ugote, usikunjike. Miguu ikisimama ghafla, mwili hautaki kusimama. Nyonga itatangulia, kifua kitaifuata, halafu bega, halafu kiwiko. Mkono uje mwisho kabisa, ukiwa umelegea. Nguvu umeshaikusanya huko chini. Mkono kazi yake ni kuiachia tu.

"Siku tatu alinuna," Rajabu akasema. "Siku ya nne nikamwona peke yake kwenye uwanja, asubuhi kabla ya mizani, anakanyaga ule mstari. Wiki iliyofuata utepe ukasema mita arobaini na saba. Alikuwa hajavuka arobaini na moja maishani mwake. Nikapima mara mbili nikidhani utepe umekunjamana."

"Arobaini na saba na nusu," Ambokile akasema.

"Na nusu," Rajabu akakubali, akapiga msumari wa mwisho.

Baada ya Rajabu kuondoka, Ambokile alibaki akiutazama mkono wake wa kulia kwa muda mrefu. Winfrida alikuwa anachambua maharage pembeni yake. Alitaka kuushika mkono ule, akaogopa kwamba angemfanya aone anamwonea huruma, akaendelea kuchambua maharage.

*

Walianza Jumapili wakati wa ibada. Winfrida hakwenda kanisani, na hilo nalo lilisemwa kijijini.

Shida haikuwa mguu. Shida ilikuwa hofu. Kila Ambokile alipoinama mbele, mwili wake ulikumbuka ile asubuhi ya Februari alipoanguka kifudifudi kwenye mfereji akaokotwa na wapita njia, naye akajirudisha nyuma kwa nguvu zote. Winfrida aliona kwamba asimvute na asimsukume. Akaweka kigoda mbele yake, juu ya kigoda akaweka mto, akamwambia aweke viganja vyake viwili juu ya mto, wa kushoto ukiushika wa kulia, na avisogeze mbele taratibu kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kwa mgeni.

"Pua ipite vidole."

"Nitaanguka."

"Utaangukia mto."

"Ulinifundisha mbele za watu," Ambokile akasema akihema. "Sasa unanifundisha mbele za kuku."

"Kuku hawacheki. Rudisha unyayo nyuma. Huo wa kulia. Uangalie, usiuache ujitafutie njia."

Jumatatu hapakuwa na kitu. Jumanne makalio yalinyanyuka kidogo tu juu ya kiti, yakarudi kwa kishindo. Jumatano aligoma kabisa, akageuza uso ukutani mpaka jioni, na Winfrida akala peke yake jikoni. Alhamisi, wakati Winfrida ameinama kuokota kuni, alisikia kiti kikilia nyuma yake. Akageuka. Ambokile alikuwa amesimama. Amepinda, mdomo wazi, mkono wa kushoto umeng'ang'ania ukingo wa kigoda, lakini amesimama, na hakuna aliyemshika.

Winfrida hakumkimbilia. Alisimama na kuni zake kifuani.

"Miguu ipanue," akasema. "Ilingane na mabega."

Akaipanua. Akasimama hivyo kwa muda wa kuhesabu kumi, kisha akajikalisha mwenyewe, taratibu, kama alivyoelekezwa. Chakula cha jioni ile kilikuwa mbalaga, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na alikula sahani mbili.

Wiki ya pili Rajabu akachonga fimbo. Fimbo ilishikwa mkono wa kushoto, upande mzima, na watu waliopita walishangaa kwa sababu walidhani fimbo huwekwa pale penye ugonjwa. Winfrida hakuchoka kueleza: mguu mbovu unapokanyaga, uzito unataka kuukimbilia wote, fimbo ya upande wa pili inaupokea nusu. Kupanda ngazi ya baraza, mguu mzima utangulie, maana ndio wenye kunyanyua. Kushuka, utangulie mbovu, mzima ubaki juu ukikushusha. Ambokile alikuwa akijisemea kwa Kinyakyusa kila alipofika pale kwenye ngazi, na ikapatikana siku ambayo alikwenda uani na kurudi wakati Winfrida yuko bombani; Winfrida aliporudi akamkuta amekaa, amenawa, hana habari.

Lakini jambo la mwisho ndilo lililozua maneno. Winfrida alitandika mkeka sebuleni, akamwambia Ambokile alale chini.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siku moja utaanguka. Nataka ujue njia ya kurudi."

Njia ilikuwa ndefu. Ageukie ubavu wa kushoto. Ajiinue kwa kiwiko. Akae kiubavu. Apige magoti, kiti kiwe mbele yake. Unyayo wa kushoto ukanyage chini. Asukume kiti kwa kiganja, asimame. Katikati ya njia ile, Ambokile akiwa amepiga magoti, mate yanamtoka kwa bidii, mlango ukasukumwa na mama Ambindwile akaingia na bakuli la ndizi mbivu.

Alisimama mlangoni. Alimwona mzee wa kanisa amepiga magoti kwenye mkeka kama mtoto anayeadhibiwa, na mkewe amekaa pembeni mikono mapajani bila kumsaidia.

"Mama Julius," akasema polepole, "huyu ni mgonjwa."

"Najua, mama. Karibu."

Hakukaribia. Aliweka bakuli mezani akaondoka, na Ambokile akabaki amepiga magoti, shingo imeinama, hawezi kupanda wala kushuka. Kesho yake Julius akapiga simu. "Mama, ni kweli unamtambaza baba chini?" Winfrida alitaka kueleza, lakini vitu vile havielezeki kwenye simu. Akasema, "Njoo utaona."

*

Julius alifika tarehe kumi na nne saa nane mchana, mvua nyembamba ikinyesha. Gari likasimama juu kwenye barabara kwa sababu ya utelezi. Ambokile alikuwa amevaa koti lake la kustaafia tangu asubuhi. Aliposikia mlango wa gari akasimama, akachukua fimbo, akashuka ngazi kwa mpango, mguu wa kulia, fimbo, mguu wa kushoto, akaanza kuikata njia ya uani kwenda kumpokea mwanawe.

Julius alimwona akiwa mbali. Aliacha mfuko wake ukadondoka. Hakutarajia. Alikuja na shuka la kumbebea.

Na labda ni kwa sababu Ambokile aliinua uso kumtazama. Fimbo ikaangukia kwenye ganda la parachichi chini ya tope, ikakimbia, na mwili mkubwa ukaenda kiubavu taratibu, kama mgomba uliozidiwa na mkungu. Akatua kwa kishindo kizito.

"Baba!" Julius akaruka mfereji.

"Muache," Winfrida akasema.

"Mama, ameanguka."

"Nimeona. Muache. Kamletee kiti, kile kirefu cha barazani. Kiweke mbele yake, halafu kiegemee mgongoni kisirudi nyuma."

Julius alimtazama mama yake kama mtu asiyemjua, lakini alikuwa ameshazoea kuitii sauti ile tangu darasa la kwanza. Akaleta kiti. Winfrida mwenyewe hakuweza kusimama tu. Akashuka chini, akakaa kwenye tope karibu na kichwa cha mumewe, kanga yake ikalowa.

"Umeumia?"

"Nguo tu."

"Basi unajua njia."

Ilichukua muda. Majirani wawili walisimama juu barabarani na miavuli yao. Mmoja alitaka kushuka, mwenzake akamshika. Ambokile akageukia ubavu wake wa kushoto. Kiwiko kikateleza mara ya kwanza, kikashika mara ya pili. Akakaa. Akapumzika. Tope lilikuwa limempaka nusu ya uso na kola ya koti. Akapiga magoti mbele ya kiti, mbele ya mwanawe aliyekiegemea, na nyuso zao zikawa zimekaribiana kuliko zilivyowahi kukaribiana tangu Julius akiwa mdogo. Julius aliona mishipa ya shingo ya baba yake. Aliona jinsi alivyotazama chini, akautafuta unyayo wake wa kushoto, akaukanyagisha chini. Kisha pua ikapita vidole, na Ambokile akapanda juu, akiwa peke yake na akitetemeka, akasimama.

"Shikamoo, baba," Julius akasema.

"Marahaba," Ambokile akajibu. "Pole na safari."

Kisha Winfrida naye akataka kunyanyuka kutoka kwenye tope. Akaweka kiganja chini, akajaribu, na kile kitu kikamng'ata kiunoni kwa nguvu ambayo hakuwahi kuiona. Akabaki pale, ameinama, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Julius ndiye aliyemwinua.

*

"Sikuja kwa ajili ya baba," Julius alisema jioni hiyo, wakiwa wamekaa karibu na jiko la mkaa. "Yaani, nilikuja kwa wote. Lakini aliyenipigia simu ni Bi Saada, mke wa Mzee Rajabu. Alisema, mama yako anatembea kajishika kiuno kama mjamzito wa miezi tisa. Alisema, ukichelewa utawakuta wawili chini. Nikafikiri, nikimwondoa baba, mama atapona."

"Saada ana mdomo," Winfrida akasema.

"Nakusikia," Ambokile akasema.

Wote wakamgeukia.

"Kila asubuhi. Unavyofunga kanga. Unavuta pumzi, unaishika, halafu unafunga." Alikuwa anayatafuta maneno moja moja. "Unadhani nilikuwa najifunza kwa ajili ya nyumba? Nyumba ni matofali. Nilitaka usinibebe tena."

Mkaa ukapasuka. Winfrida alikuwa na uji wa mgonjwa mikononi, ule aliomkorogea kwa miezi minne, akaona hana wa kumpa. Ambokile alikuwa ameshajichukulia chai yake.

"Mchukue mama yako," Ambokile akamwambia Julius. "Wampige picha hicho kiuno. Alale. Apikiwe."

"Na wewe?"

"Nabaki."

"Peke yako?" Winfrida akauliza. "Nani atakupikia? Nani atakufua?"

"Saada atapika. Rajabu atalala hapa, siku hizi anakoroma, mkewe atafurahi." Akapumzika. "Kusimama nitasimama mwenyewe."

Winfrida alisema hapana. Alisema hapana Jumamosi ile na Jumapili nzima, akapanga sababu kama alivyokuwa akipanga ratiba ya vipindi: dawa za presha, utelezi, kuni mbichi. Katika sababu zote hizo hakuitaja moja, kwamba tangu mwaka themanini na nane hawakuwahi kulala nyumba tofauti zaidi ya siku za semina. Ambokile hakubishana. Jumapili jioni alisimama kutoka kitini, akaenda uani, akarudi, akakaa. Baada ya dakika kumi akasimama tena, akaenda, akarudi. Mara ya tatu Winfrida akacheka kwa hasira.

"Mkojo gani huo?"

"Nakufundisha," Ambokile akasema.

*

Waliondoka Jumatatu asubuhi. Wiki tatu, Julius aliahidi, nne zikizidi. Rajabu alikuja na godoro lake kichwani na redio. Saada aliandikiwa dawa kwenye karatasi, saa na rangi za vidonge, akaisoma mara mbili kwa sauti. Mama Ambindwile naye alipita, akasimama mbele ya kiti cha barazani, na baada ya kusitasita akamuuliza Ambokile mwenyewe: "Umeamkaje, mzee?"

"Nimeamka," Ambokile akamjibu, kisha akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga."

Winfrida alipanda njia ya barabarani polepole, mkono begani kwa mwanawe. Hakuagana na mumewe kwa maneno mengi. Alimwambia ndoo ya maji isijazwe mpaka juu, na yeye akamwambia avae sweta hata kama Dar kuna joto, kwa sababu ya gari. Ndani ya gari alikalishwa kiti cha nyuma, mto umewekwa kiunoni, na alipogeuka aliiona nyumba yote chini yake, bati lenye kutu, migomba, moshi wa jiko la Saada.

Ambokile alikuwa ametoka ukingoni mwa baraza. Fimbo ilikuwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia haukuweza kupunga. Winfrida alimwona akifikiri. Kisha akaiegemeza fimbo kwenye nguzo, akaiachia, na akabaki amesimama bila kushika chochote.

Winfrida akaushika mgongo wa kiti cha mbele.

"Nisimamishe gari?" Julius aliuliza, maana naye alikuwa ameona kwenye kioo.

Winfrida alikuwa anatazama nyayo. Zilikuwa zimepanuliwa, zikilingana na mabega, ule wa kulia umegeuzwa nje kidogo kwa uangalifu. Juu yake, mkono wa kushoto ulikuwa umenyanyuliwa mpaka mwisho wake, na koti la kustaafia limevutwa upande. Rajabu alitokea mlangoni nyuma yake, akaona, akasimama hapohapo bila kumgusa.

"Hapana," Winfrida akasema. "Twende."

Julius akabadilisha gia. Alibaki amegeuza shingo mpaka kona ya kwanza, na mpaka hapo mkono ulikuwa bado uko juu.